Maoni yetu: Mafunzo ya kwenye intaneti yafike shambani, yasiishie kwenye sertifika



Mara hii hatutazungumza juu ya bei ya mbolea wala juu ya panya wa depo. Tunataka kuzungumza juu ya jambo linalotuhusu kwanza sisi wafundi wa kilimo, lakini mwishowe linafika mpaka kwenye sahani zenu. Ni mafunzo ya kwenye intaneti: yale masomo tunayofuata kwa telefoni ao kwa ordinatere, juu ya lishe, usalama wa chakula na maendeleo ya kudumu. Tangu ugonjwa wa Kovidi wa mwaka 2020 mafunzo hayo yamekuwa mengi. Sisi wenyewe tumefuata kadhaa, na tunayapenda. Ila kuna siku moja, pale Kasulo, yalitupatisha haya. Tutaanzia hapo.

Swali la mama mmoja wa Kasulo

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, tulikwenda kuonana na wamama wa kikundi kimoja cha mboga. Wiki mbili mbele ya hapo tulikuwa tumemaliza mafunzo ya lishe, tukapita mtihani, tukapokea sertifika. Sehemu moja ya mafunzo ilifundisha bustani ya kiloba. Unachukua kiloba kitupu, unasimamisha mawe katikati ili maji yashuke vizuri, unajaza udongo uliochanganywa na mbolea ya wanyama, unatoboa matundu pembeni, kisha unapanda mboga juu na pembeni. Haidai kiwanja kikubwa, haidai maji mengi, na mboga iko karibu na mlango. Tulionyesha wamama, wakafurahi. Siku ile ile walijaza viloba 14.

Mwezi mmoja kiisha, tukarudi kuangalia. Lenga-lenga ilikuwa imeota vizuri sana. Tulikuwa tumeshaanza kupiga picha za ripoti. Ndipo mama mmoja, ambaye nyumba yake iko hatua chache tu na mashimo ya zamani, akatuuliza kwa heshima: "Injenieri, hii udongo ya kiloba tulitosha ku shimo. Ni ile ile wachimbaji banauzishaka ku kilo. Siye tunapanda mo mboga ya batoto. Haiko mubaya?"

Tukanyamaza. Katika mafunzo yote tuliyofuata hakukuwa hata ukurasa mmoja juu ya udongo wenye madini. Na siye, watoto wa Kolwezi, tuliokulia kwenye vumbi lile, hatukufikiri kuuliza udongo unatoka wapi. Mama ambaye hana sertifika aliona kitu ambacho siye wenye sertifika hatukukiona.

Kasulo si mahali popote

Habari ya Kasulo mnaijua. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya viwanja vya watu, na katika muda mfupi mashimo yakafunguliwa uani, kando ya vyoo, hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na kupewa kampuni moja, na familia zilizokuwa pale zikahama. Udongo uliotoka chini haukurudi chini. Uko barabarani, uko kwenye viwanja, uko kwenye nguo za watoto.

Mwaka 2018 watafiti wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Universite ya Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi walioufanya Kasulo kwenyewe. Walipima mkojo na damu. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi kuliko watu wa mtaa mwingine usio na uchimbaji, na watoto walikuwa nayo kuliko watu wazima. Miaka 4 mbele ya hapo, watafiti wa universite hizo hizo mbili walikuwa wametangaza uchunguzi mwingine juu ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walionyesha kwamba kwa watu wazima njia moja kubwa ya kobalti kuingia mwilini ni chakula, zaidi mboga zinazolimwa hapo hapo. Kwa watoto, ni vumbi.

Sasa mwone shida yenyewe. Mafunzo yanasema: "Panda mboga karibu na mlango." Ni shauri zuri. Mama wa kijiji cha Uganda ao cha Tanzania akilifuata, watoto wake watakula majani mabichi kila siku na watapata nguvu. Lakini mama wa Kasulo akilifuata vile lilivyo, anaweza kuwalisha watoto wake kitu ambacho alitaka kuwakinga nacho. Shauri ni lile lile, lakini udongo ni mwingine. Mtu aliyetunga mafunzo hakukosea, maana aliandika kwa ajili ya dunia nzima. Siye njo tulikosea, kwa sababu tulilibeba shauri kama mzigo wa kupokea na kupeleka, bila kulifungua.

Tulituma udongo wa viloba vile kwenye labo Lubumbashi, na pamoja nao udongo wa mashamba ya mbali, kule ambako kikundi kinalima mahindi. Majibu yalipofika yalisema alichokuwa ameshasema mama: udongo wa viloba ulikuwa na shaba na kobalti nyingi sana kuliko ule wa mashamba. Tulirudi Kasulo, tukaomba radhi mbele ya kikundi chote, tukamwaga viloba pamoja nao. Haikuwa rahisi. Wengine walituambia: "Mulitutumikisha bule." Walikuwa na haki.

Lakini tusitupe mafunzo kwa sababu ya kosa letu

Kuna wafundi wenzetu waliosema kisha ya hapo: "Munaona? Intaneti ni mambo ya Wazungu, turudi kwa kazi yetu." Hapana. Sisi hatukubali. Mafunzo yale yale yalitufundisha jambo ambalo hatukulipata vizuri kwenye chuo cha agronomia.

Kwenye chuo tulifundishwa kuhesabu mavuno: tone ngapi kwa hektare moja. Na hapa kwetu Kolwezi hesabu ya chakula ni ya zamani. Wazee wanakumbuka mposho wa Gécamines: mfanyakazi alipokea kiloba cha unga, na nyumba ikasema tumekula. Wakati mposho ulipokwisha, wamama wakashika jembe, lakini mawazo ya kiloba yalibaki. Mpaka leo tukiuliza, "Mwaka huu mmekula?", watu wanajibu kwa viloba vya mahindi na kwa meka ya unga. Kumbe tumbo linaweza kujaa na mwili ukabaki na njaa. Uchunguzi wa taifa wa 2017-2018 ulikuta kwamba katika nchi yetu watoto 42 kwa 100 wenye umri chini ya miaka 5 ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Wengine wao hawalali njaa. Wanakula bukari kila siku, lakini inakosa wenzake.

Mafunzo yalitupa kipimo rahisi ambacho FAO na wengine wanatumia kwa wanawake wa miaka 15 mpaka 49. Unauliza mama alikula nini tangu jana asubuhi mpaka usiku, unahesabu katika makundi 10:

1. nafaka, muhogo, viazi na ndizi za kupika;
2. maharagi, soya na jamaa zake;
3. karanga na mbegu za mafuta;
4. maziwa;
5. nyama, kuku na samaki;
6. mayai;
7. majani mabichi ya rangi nzito, kama sombe, matembele na lenga-lenga;
8. mboga na matunda ya rangi ya machungwa ndani, kama papai, embe bivu, kiazi tamu cha njano;
9. mboga nyingine, kama nyanya na bilinganya;
10. matunda mengine.

Kikundi ambacho wanawake wengi wanafikia makundi 5 ao zaidi kina nafasi nzuri ya kupata vitamini na madini ya mwili. Kipimo ni cha kikundi, si cha kumhukumu mama mmoja. Na kina ukali wake. Bukari ya mahindi ikichanganywa na muhogo ni kundi moja tu, hata ukila sahani mbili. Ndakala tatu zilizowekwa kwenye chungu kwa kutafuta harufu hazihesabiwi, maana zinazopata kila mtu hazifiki kijiko.

Tulifanya hesabu hiyo na wamama wa koperative moja kwa mbegu za maharagi: kundi moja, mbegu moja kwenye sahani. Wengi walikuwa na mbegu 3, wengine 4. Tuliwauliza juu ya nini, wakacheka wenyewe. Walikuwa wanalima karanga, wanaziuza zote sokoni Kolwezi, kisha wanarudi na unga. Walikuwa na kuku, mayai yote yanakwenda sokoni. Siku ile mkutano ulikata shauri: kila nyumba itaweka pembeni debe moja la karanga lisiloguswa na mnunuzi, na maharagi yatapandwa katikati ya mistari ya mahindi. Hakuna aliyewaambia wafanye vile. Waliona mbegu kwenye sahani.

Hicho ndicho kitu kizuri cha mafunzo. Tena mwaka 2024, wakati ukame ulipopiga Zambia mpaka serikali yao ikautangaza kuwa msiba wa taifa, sisi ambao tunangojea mahindi yao kupitia Kasumbalesa tuliuona ugumu wa kutegemea kiloba kimoja kutoka upande mmoja. Nyumba iliyo na maharagi, karanga, muhogo na matembele haitetemeki sawa na nyumba iliyo na unga peke yake.

Mambo matatu yanayofanya mafunzo yapotee njiani

La kwanza ni lile la Kasulo: mifano inatoka mbali, na fundi anaipeleka bila kuipima kwenye udongo wa hapa. Hatulisemi tena.

La pili ni lugha. Fundi anasoma kwa Kifaransa ao Kiingereza, anafaulu, kisha anasimama mbele yenu na kusema "diversité alimentaire" na "micronutriments". Mnapiga makofi, mnakwenda nyumbani. Siye tunaita hilo kufundisha, lakini hakuna aliyejifunza. Ikiwa fundi hawezi kueleza somo lake kwa Kiswahili chetu cha kila siku, ao kwa Kisanga, Kindembo ao Kiluba cha wazee, hajalielewa bado.

La tatu ni gumu kulisema, maana linatugusa wenyewe. Sertifika zimekuwa ngazi. Katika mji wetu kampuni za madini zinalipa kuliko kazi ya kilimo, na kijana mwenye sertifika tano anaonekana vizuri kwenye faili. Hatumlaumu. Ana watoto, ana kodi ya nyumba. Lakini tuseme ukweli: mara nyingi megabaiti zililipwa na mradi wa walimaji, siku za kazi zilikuwa za walimaji, kisha elimu ikaondoka na mtu mmoja. Na mashirika yanachangia shida hiyo. Katika ripoti tunaandika: "Wafundi kadhaa wamefundishwa." Hakuna mstari unaouliza mlimaji gani alibadilisha nini.

Tunapendekeza nini

Hatusemi mafunzo yapunguzwe. Tunasema yawe na mwisho mwingine. Mafunzo yasihesabiwe kuwa yamekwisha mpaka yafike shambani na walimaji waseme yamefika. Kwa hiyo tunawaomba ninyi, wanachama, mlete mambo haya kwenye mkutano mkuu wenu. Chini ya sheria ya OHADA, ambayo inaongoza koperative zetu, mkutano mkuu ndio wenye neno la mwisho. Mnayo nguvu hiyo, muitumie.

Kwanza, fundi anayefuata mafunzo kwa megabaiti za mradi ao za koperative awe na deni. Katika siku 30 arudi kwenu, aeleze kwa Kiswahili mambo matatu aliyojifunza, na kila jambo alionyeshe kwa mkono: kwenye chungu, kwenye tuta, kwenye depo. Katibu aandike kwenye daftari. Bila ukurasa huo, ripoti isiseme amefundishwa.

Pili, mbele ya kufanya shauri lolote la mafunzo, koperative ichague walimaji wawili ao watatu wenye macho makali, mmoja awe mama, wakae na fundi na kumuuliza: hapa kwetu litakutana na nini? Udongo unatoka wapi? Maji yanatoka wapi? Nani atafanya kazi, na saa ngapi? Lingekuwepo jambo hilo Kasulo, yule mama angeuliza swali lake mbele ya viloba kujazwa, si kisha.

Tatu, tusipoteze pesa kwa video ndefu. Saa moja ya video, hata ya ubora mdogo, inaweza kula megabaiti 300. FAO ina masomo mengi ya bure, mengine kwa Kifaransa, ambayo fundi anaweza kuyashusha mara moja mjini na kuyasoma bila intaneti. Hiyo inatusaidia, maana tunaishi karibu na mabwawa ya Nzilo na Nseke lakini umeme wetu unakatika wakati unaotaka. Kwa ninyi wenyewe kuna video fupi za Kiswahili za Access Agriculture, ambazo walimaji wanawaonyesha walimaji wenzao kazi, na katuni za SAWBO za Universite ya Purdue, Marekani, juu ya mambo kama kuweka maharagi kwenye bidoni lililofungwa vizuri ili wadudu wakose hewa. Mtu mmoja anashusha, wengine wanapitishiana kwa kadi ya telefoni.

Nne, pesa ya kupima udongo itafutwe mahali ilipo. Kodi ya Madini ya 2018 inadai kampuni ya madini itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu, na inadai daftari la masharti, lile wengi wanaita kaye de sharje, likubaliwe pamoja na watu hao. Katika mikutano hiyo watu wanaomba shule na kisima, ni vizuri. Muombe pia kupimwa kwa udongo wa mashamba na maji ya kumwagilia, na majibu yasomwe mbele ya watu wote. Mwenye kuchafua ao kuishi kwa madini ya mahali asikatae kuonyesha watu hali ya udongo wao.

Tano, walimaji nao wawe wanafunzi. Mwaka 1989, kule Indonesia, FAO ilianza shule za shambani: walimaji wa mpunga walikutana kila wiki ndani ya shamba, wakahesabu wadudu, wakakata shauri wenyewe kama dawa inahitajika. Katika miaka ya 1990 njia hiyo ikafika Kenya, Tanzania na Uganda. Hawakuwa na intaneti. Walikuwa na shamba, macho na mtu wa kuwauliza maswali. Telefoni ikiingia ndani ya shule kama hiyo inasaidia sana. Ikikaa nje yake, ni picha tu.

Kwa wale wa Kasulo na mitaa kama hiyo

Tusingoje labo peke yake. Kuna mambo ya kufanya leo:

– Msijaze viloba wala matuta kwa udongo uliotoka shimoni, kwenye lundo la takataka za madini ao mahali wanapooshea mawe. Mlete udongo wa mbali, kutoka mashamba ambayo hayajawahi kuchimbwa.
– Msimwagilie kwa maji ya mtaro unaopita mahali pa kuoshea madini.
– Osheni mboga mara mbili kwa maji safi mbele ya kukata. Inatoa vumbi lililokaa juu ya majani. Lakini mjue: haitoi kile ambacho mzizi umekunywa. Ndiyo sababu udongo unapita kuosha.
– Majani kwa kawaida yanakusanya metali kuliko nafaka na matunda. Kwa hiyo kama mna shamba moja safi mbali na kiwanja kimoja chenye vumbi karibu, mboga ya majani ndiyo ipewe nafasi katika shamba safi.
– Chokaa na mbolea ya kuoza vinapunguza kiasi ambacho mmea unakunywa. Watafiti wa agronomia wa Universite ya Lubumbashi wamejaribu vitu hivyo kwenye udongo wenye shaba. Vinasaidia, lakini havigeuzi udongo mchafu sana kuwa safi.
– Mwagieni maji kidogo sakafuni mbele ya kufagia, na watoto wanawe mikono mbele ya kula. Kwa mtoto, vumbi ni adui kuliko sombe.

Na msiache kula mboga! Tumesikia mtu akisema, "Basi tule bukari na ndakala tu." Hapana. Mtoto asiyekula majani wala matunda anaumia pia, tena bila kuonekana. Shida ni mahali mboga inapoota.

Wale wasiokubaliana nasi

Wengine watasema tunawabebesha wafundi mzigo mwingine, na mshahara ni mdogo. Ni kweli mshahara ni mdogo. Lakini kurudi kwa walimaji ndiyo kazi yenyewe tuliyoajiriwa kufanya. Kufuata mafunzo ofisini, chini ya fani inayozunguka, ndiyo nyongeza.

Wengine watasema fundi akijua atadaiwa, atakataa kujiandikisha. Labda mmoja ao wawili watakataa. Wale waliokuwa wanatafuta karatasi peke yake tutawakosa, na hatutaona pengo lao shambani.

Wengine, na hawa tunawasikia zaidi, wanasema mlimaji hawezi kumhukumu injenieri. Kwao tunajibu kwa habari ya kiloba. Tulikuwa watu watatu wenye diplome pale uani, na lenga-lenga ilikuwa nzuri kwa macho. Aliyetuzuia ni mama aliyekumbuka udongo ulitoka wapi.

Kikundi kile cha Kasulo kinaendelea. Viloba ni 9 sasa, vimejazwa udongo uliobebwa kwa baiskeli kutoka mashambani, safari baada ya safari. Wamama watano waliacha, na hatuwezi kuwalaumu: udongo ni mzito na safari ni ndefu. Mwezi uliopita tulimwomba yule mama awe wa kwanza kuuliza maswali kila tunaporudi na somo jipya. Alicheka, akakubali, kwa sharti moja: "Mukuye na jibu, hapana na picha." Tumeliandika sharti hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari letu.

Mvua iko karibu. Mbele ya kupanda, fanyeni mkutano, muulize wafundi wenu mafunzo gani wamefuata mwaka huu, na yamewafikisha wapi ninyi. Muanze na sisi.

Kazi njema, na mavuno mema.